Gauni la Sita

Mafundi cherehani, Mungu awasamehe, ni watu wa kesho. Ukimpelekea kitambaa Jumatatu atakwambia njoo Alhamisi. Alhamisi atakwambia bado vifungo tu. Ukichungulia nyuma ya cherehani utakikuta kitambaa chako kimekunjwa vilevile ulivyokileta, hata mkasi hakijauona. Si watu wabaya. Kumwambia mteja hapana ndiko kunakowashinda. Lakini palikuwa na fundi mmoja asiyefanana na wenzake, na watu walimwita Leoleo. Akisema saa tisa, ni saa tisa. Mlangoni pake aliandikisha kwa rangi nyekundu: LEO NI LEO, ASEMAYE KESHO NI MWONGO. Wateja walimtania kwamba huyu hakuzaliwa na mwanamke, alizaliwa na saa ya ukutani. Naye alicheka nao, kicheko kifupi cha adabu, kisha akarudi kwenye kazi yake.

Hakuwa hivyo tangu mwanzo. Miaka kumi na moja nyuma alikuwa mwongo kama mafundi wengine, pengine kuwazidi. Kilichombadilisha hakumwambia mtu, na hata mkewe aliingia kaburini bila kukijua.

Duka lenyewe lilikuwa chumba kimoja: meza ya kukatia, cherehani mbili, benchi la wateja ukutani, na dirisha linalotazama barabara. Chini ya dirisha, penye mwanga, palikuwa na kigoda cha Mama Pindo. Mwanamke huyu alikuwa wa makamo, mkimya, mwenye mkono mwepesi, na kazi yake ilikuwa kumalizia nguo: vifungo, kola, na hasa pindo. Zamani alikuwa akikunga pindo katika kiwanda cha sare. Akikunga yeye, uzi huuoni hata ukivaa miwani miwili. Alikuja dukani siku moja na sketi ya kahawia, akaomba ipunguzwe urefu. Leoleo alipoishikiza kwa bandi, ule mshono wa muda wa hatua ndefu, ili amwonyeshe, mwanamke yule aliitazama sketi kwa muda mrefu sana, kisha akauliza, "Fundi, huhitaji mtu wa pindo?" Tangu siku hiyo hakuondoka. Walikula pamoja mchana, walinyang'anyana mkasi, waliuguzana. Watu wa mtaani walisema wale wawili wangekuwa vijana wangeoana, na kwa umri wao walikuwa wameshaoana bila kujua.

Mama Pindo alikuwa amefiwa na mtoto wake wa pekee. Kufiwa huko hakukuwa kwa kawaida. Miaka hiyo palikuwa na mtu ambaye magazeti yalimwita Msindikizaji. Alikuwa mpole wa sauti, mwenye tochi na shati safi, na jioni alikuwa akiwaambia wanawake njiani, "Dada, njia hii si salama, nikusindikize." Wanawake watano waliukubali wema wake, na wote watano hawakufika nyumbani. Alikamatwa, akahukumiwa, akafia gerezani kwa homa, kifo cha kitandani ambacho hakukistahili. Binti wa Mama Pindo alikuwa wa nne. Alikuwa amehitimu ualimu, na Jumatatu ndiyo ingekuwa siku yake ya kwanza darasani. Aliuawa Ijumaa.

Na watu, ulimi hauna mfupa, hawakumwacha hata maiti. Mwalimu gani huyo, walisema, anayetoka jua likizama, peke yake, na gauni jipya mwilini? Alikuwa anakwenda kwa bwana. Walisema hivyo msibani, kwa sauti ya chini, na wakaendelea kusema miaka yote iliyofuata, kwa sauti ya kawaida. Mama mtu aliyasikia yote. Hakumjibu hata mmoja.

Basi asubuhi moja aliingia dukani kijana mnene mwenye kofia ambayo, ilisemekana, alilala nayo. Wakamwita hivyohivyo, Kofia. Alikuwa mtengeneza filamu. Za kutisha, na za bei ya chini kupita zote: siku nane kwa filamu, kamera ya kuazima, damu ya sharubati na rangi ya chakula. Hadithi alizitoa kwenye magazeti ya zamani, kwa wauaji wa kweli. "Watu siku hizi hawaogopi shetani, mzee," alimwambia Leoleo huku anajipepea. "Wanamwogopa jirani." Nyuma yake alisimama binti mwembamba mwenye macho makubwa, mwigizaji wake, ambaye alikuwa ameshakufa katika filamu zake nne.

"Ya kwanza nilikufa vizuri," binti alisema. "Ya pili nilipiga chafya nikiwa maiti."

"Hakuna aliyegundua," alisema Kofia.

"Mama yangu aligundua."

Leoleo akacheka. Kisha Kofia akatoa mfukoni kipande cha gazeti kilichochanika pembeni, akakilaza juu ya meza ya kukatia, na kicheko cha fundi kikaisha. Ilikuwa picha ya gauni lililotandazwa juu ya meza ya polisi. Gauni la kijani, kola nyeupe, vifungo vilivyovishwa kitambaa chake.

"Hili," alisema Kofia. "Ninayataka sita. Damu yetu hiyo haitoki hata kwa dawa, na huyu simwamini kufa sawasawa mara ya kwanza. Filamu inaitwa *Msindikizaji*. Ikifika wiki ijayo tunapiga."

Leoleo alifungua mdomo aseme kazi zimemzidi. Neno lilikuwa limeshafika kwenye meno. Lakini Mama Pindo alikuwa ameinuka kigodani. Alikichukua kile kipande cha gazeti, akakipeleka dirishani, akakitazama jinsi mtu anavyotazama barua.

"Tutashona," alisema.

"Mama Pindo..."

"Nimesema tutashona." Kisha akamgeukia Kofia. "Mwanangu, hebu nieleze. Katika filamu yako, huyu msichana alikuwa anakwenda wapi jioni hiyo?"

Kofia, ambaye hakuwa amemwomba ruhusa mtu yeyote mwenye maiti, wala hakujua anaongea na nani, alifurahi kuulizwa. "Kwa mpenzi wake, mama. Kwa siri. Bila mapenzi filamu haina mtazamaji. Yuko mlangoni anamsubiri, na ua mkononi, na sisi tunajua hafiki. Watalia hao!"

"Nani alikwambia alikuwa na mpenzi?"

"Si kila mtu anajua? Mtaa mzima unasema."

Mama Pindo aliitikia kwa kichwa, akamrudishia picha, akarudi kigodani. Aliokota suruali aliyokuwa akiikunga akaendelea pale alipoishia. Binti mwigizaji alipimwa kifua, kiuno na mabega, akaambiwa asimame wima. Utepe ulimponyoka Leoleo mara mbili. Hakuhitaji kutazama picha ile. Gauni lile alilishona yeye.

Alilishona siku ileile ya Ijumaa, na hapo ndipo lilipokuwa donda lake. Binti alikuwa ameleta kitambaa wiki mbili kabla, akasema ni siri, anataka mama yake amwone nalo Jumatatu asubuhi tu, mwalimu kamili. Leoleo akamwahidi saa tisa Ijumaa. Saa tisa binti akafika, mama yake akiwa bado kiwandani. "Bado vifungo tu, mwanangu, kaa," fundi akamwambia, ilhali hata mikono ya gauni hakuwa ameikata, kwa kuwa alikuwa amepokea kazi ya haraka ya mtu mwingine na hakuweza kumwambia hapana. Binti akakaa kwenye benchi. Saa kumi ikapita, saa kumi na moja ikapita. Kila akiuliza aliambiwa bado kidogo. Jua lilipokuwa linazama ndipo gauni likapata umbo, na pindo likashikizwa tu kwa bandi, kwa uzi mweupe. "Pita Jumatatu asubuhi nikukungie," alimwambia. Binti akalivaa palepale alijaribu, likamkaa, akafurahi, akaona atachelewa akibadilisha tena. Nguo za mchana akazitia kwenye mfuko. Akatoka mbio. Mfuko ule haukuonekana tena, na kwa hiyo hakuna aliyejua kwamba alikuwa anatoka kwa fundi. Walichojua ni gauni jipya na jua kuzama, na vilivyobaki wakavijaza wenyewe.

Leoleo alikusudia kusema. Wallahi alikusudia. Alijiambia atasema msiba ukipoa. Mama mtu alipokuja na ile sketi ya kahawia, alijiambia atasema akishazoea kazi. Akishazoea kazi, wakawa ndugu, na nani anamvunja ndugu moyo siku ya Jumatatu? Labda Jumanne. Siku zikawa miezi. Akawa hamwongopei mteja hata kwa dakika tano, na mtu mmoja aliyekaa naye chumba kimoja alikuwa anamwongopea kutwa.

Walishona. Leoleo alikata magauni sita kwa mpigo mmoja, akayaunganisha moja baada ya jingine, na kila moja lilipokamilika alimpa Mama Pindo alikunge. Cherehani ikinyamaza, unasikia sindano ikipita kwenye kitambaa. La kwanza likakungwa, la pili, la tatu. Yalitundikwa kwenye kamba ukutani, ya kijani yote, na upepo wa dirishani ulipoyagusa Leoleo aligeuza uso.

Siku ya nne, saa nane mchana, alimpelekea la sita. Hakulipokea.

"Hili usinipe mimi," alisema Mama Pindo, macho yakiwa kwenye uzi. "Hili lishikize wewe. Bandi tu. Uzi mweupe."

Fundi alibaki na gauni mikononi. Barabarani mtu alipita akipiga mluzi. Kisha akakaa kwenye benchi la wateja, mahali ambapo fundi hakai.

"Nani alikwambia?" aliuliza.

"Mkono wako." Mama Pindo aliweka kazi chini. "Waliponiita kumtambua hawakunionyesha uso. Walisema nisitazame uso. Wakanionyesha gauni. Sikulijua gauni, nikawaambia mwanangu hana gauni kama hili. Ndipo nikaona pindo. Bandi. Hatua moja ndefu, mbili fupi, moja ndefu, na mwisho hakuna fundo, uzi umerudishwa mara mbili. Nimekunga pindo miaka ishirini, fundi. Mshono ni kama mwandiko."

"Ile sketi," alisema Leoleo.

"Ile sketi niliipeleka kwa mafundi tisa. Kila mmoja anaishikiza, naenda nayo nyumbani, nafumua, naipeleka kwa mwingine. Wewe ulikuwa wa kumi."

Machozi hayakumwomba Leoleo ruhusa. "Miaka kumi na moja umekaa hapo na mimi."

"Nimekaa nasubiri useme."

"Kwa nini hukuniuliza? Kwa nini hukunitukana? Ungewaambia watu kwamba alitoka kwa fundi!"

"Nikisema mimi, ni mama anamsafisha mwanawe. Ukisema wewe, ni ushahidi." Alijifuta mikono kwenye aproni ingawa haikuwa na kitu. "Mwaka wa kwanza nilikuja nikuchukie. Nikaona hata kulala hulali. Mwaka wa pili nikasema huyu atasema tu. Kila asubuhi nikiuona mlango wako nasema, leo. Umeniambia kesho miaka kumi na moja, Leoleo. Mteja gani mwingine angesubiri?"

Akasema basi. Akasema yote, bila kuruka: kazi ya haraka, mikono ambayo haikuwa imekatwa, vifungo vya uongo, jua. Mama Pindo alisikiliza hadi mwisho bila kubadilika uso, kwa sababu hayo yote alikuwa ameshayafikiria mwenyewe, usiku baada ya usiku. Kisha akauliza swali ambalo fundi hakulitegemea.

"Saa tatu zote hizo alikuwa anafanya nini?"

"Nini?"

"Mwanangu. Alikaa hapo ulipokaa. Kutoka saa tisa mpaka jua kuzama. Alikuwa anafanya nini?"

Leoleo aliutazama mlango. "Alikuwa anajifunza kusalimia darasa. Anasimama hapo mlangoni, anaingia, anasema, 'Hamjambo, watoto?' Mimi nilikuwa darasa. Naitikia kutoka kwenye cherehani, 'Hatujambo, mwalimu.' Anasema sauti yake haina ukali, anatoka, anaingia tena. Aliingia kama mara kumi. Alicheka mpaka akashika tumbo. Akanipa adhabu kwa kuchelewa, nisimame kwa mguu mmoja, nikasimama. Akasema..."

"Akasema nini?"

"Akasema Jumatatu utamsindikiza mpaka lango la shule, na utalia, na utasema ni vumbi."

Ndipo Mama Pindo akalia. Miaka yote ile fundi hakuwahi kumwona akilia, akadhani pengine amekauka. Alilia akiwa amejishika mbavu, na sauti yake ikatoka nje dirishani hata aliyekuwa akipita akasimama.

"Kosa lako nilishalijua," alisema alipopata pumzi. "Kosa lako si kitu, mtu hachelewi ili mwenzake auawe. Lakini hizi saa tatu zilikuwa zangu. Mwanangu alicheka mpaka akashika tumbo, na mimi sikujua! Nilijua alivyokufa tu. Umezikalia miaka kumi na moja, mbele ya macho yangu."

Fundi alitunga uzi mweupe kwenye sindano, akaanza kulishikiza lile gauni la sita.

Jua lilipoanza kushuka, Mama Pindo alinawa uso kwenye ndoo, akarudi. "Mimi nimeshasikia," alisema. "Sasa waambie wao."

Kesho yake asubuhi Leoleo aliyabeba magauni sita begani akaenda kwenye jengo bovu ambako Kofia alikuwa akipiga filamu yake. Walikuwa wanapiga tukio la usiku saa nne asubuhi, madirisha yamezibwa kwa plastiki nyeusi, na aliyeigiza Msindikizaji alikuwa nje anakula ndizi huku kisu cha bati kimemlalia mapajani. Fundi hakuzunguka. Alimwambia Kofia mbele ya watu wake wote kwamba yule msichana hakuwa anakwenda kwa mpenzi, alikuwa anatoka kwake yeye, na kwa nini, na saa ngapi. Na kwamba mama aliyemuuliza swali dukani ndiye mama wa yule msichana.

Kofia alivua kofia. Wenzake walisema hawajawahi kumwona kichwa.

"Mzee, mpenzi nilishampiga picha," alisema taratibu. "Jana. Na ua. Aliyemwigiza ni mtoto wa mwenye kamera."

"Mfute."

Kwa haki yake tuseme, kijana hakubishana. Alikuwa mtu wa sharubati na visu vya bati, lakini alikuwa na mama. "Sina mtu wa kuigiza fundi," alisema. "Wala sina chumba cha kufanya duka. Tukipiga, tunapiga kwako, na fundi ni wewe mwenyewe. Utaweza?"

Leoleo akasema ataweza.

Jumamosi mchana mtaa mzima ulijaa barabarani. Kamera haijawahi kufika pale, nani abaki ndani? Waliokuja walikuwa walewale: wale wa msibani wa sauti ya chini, wale wa miaka yote wa sauti ya kawaida, na watoto wao waliorithi maneno. Kofia alifunga plastiki ya rangi ya chungwa mbele ya taa ili iwe machweo. Mlango wa duka uliachwa wazi, kila neno likasikika nje. Mama Pindo alikaa kwenye kigoda chake, nje kidogo ya picha, mikono mapajani. Hakuwa na kazi mkononi.

Binti mwigizaji alivaa gauni la sita, lenye bandi nyeupe. Alikuwa ameulizia kila kitu. Aliingia mlangoni, akasema, "Hamjambo, watoto?" na Leoleo akaitikia kutoka kwenye cherehani, "Hatujambo, mwalimu." Nje wakacheka, wakidhani ni kichekesho. Binti akatoka, akaingia tena, akacheka mwenyewe. Kisha akakaa kwenye benchi, akatazama dirisha, akauliza kama alivyofundishwa, "Fundi, jua linazama. Bado?"

Maneno ya Leoleo yalikuwa matatu tu: bado kidogo, kaa. Alimtazama binti yule, kola nyeupe, macho makubwa.

"Tayari, mwanangu," alisema. "Chukua uende. Kungali mapema."

"Kata!" Kofia akapiga kelele. "Mzee, ni 'bado kidogo, kaa.' Tunarudia."

Wakarudia. Hamjambo, watoto. Hatujambo, mwalimu. Fundi, jua linazama, bado?

"Imekwisha," alisema Leoleo. "Nenda nyumbani, mama yako anakusubiri."

"Kata! Jamani!"

Mara ya tatu alinyanyuka kabisa kwenye cherehani, akamfungulia binti mlango. Kofia alijishika kichwa. "Mzee, nisikilize. Akiondoka mapema hafi! Filamu inaishia hapa!"

"Basi asife," alisema Leoleo. "Si filamu yako? Si unaweza? Mwache asife."

Hakuna aliyecheka nje. Waliokuwa mbele walikuwa wameanza kuelewa wanachokitazama, na waliokuwa nyuma waliuliza kuna nini, wakanyamazishwa. Mama mmoja muuza mkaa, aliyekuwa hodari wa kusimulia habari za yule bwana ambaye hakuwahi kuwepo, aliinamisha kichwa akatazama miguu yake.

Ndipo Mama Pindo akasema kutoka kigodani, bila ukali, "Leoleo. Sema ulivyosema."

Fundi akarudi akakaa. Binti akatoka, akaingia. Hamjambo, watoto. Hatujambo, mwalimu. Akakaa kwenye benchi, akatazama dirisha lenye machweo ya plastiki.

"Fundi, jua linazama. Bado?"

"Bado kidogo," alisema Leoleo. Machozi yalidondoka juu ya kitambaa cha kijani, na hakuyafuta. "Bado vifungo tu, mwanangu. Kaa."

Binti akakaa. Akaiweka mikono yake mapajani, akasubiri. Kofia alisahau kusema kata, kamera ikaendelea kumtazama yule msichana akisubiri, muda mrefu, na mtaa mzima ukimsubiri naye.

Ilipokwisha, Mama Pindo alisimama. Alipiga magoti mbele ya binti, akaitazama bandi, akaikata kwa meno palepale na kulikunga pindo lile hadi mwisho, huku binti amesimama wima hapumui. "Sasa nenda," alimwambia. Kisha akaokota mkasi wake mdogo, subana na mkebe wa sindano, akavitia kwenye mfuko wake. Vitu hivyo havikuwahi kutoka dukani tangu alipovileta. Watu barabarani walimpisha. Muuza mkaa alitaka kumshika mkono, lakini Mama Pindo akampita.

"Mama Pindo," fundi alimwita kutoka mlangoni. "Utakuja?"

Aligeuka. Uso wake haukuwa na hasira, afadhali ungekuwa nayo.

"Kesho," alisema.

Asubuhi iliyofuata Leoleo alifungua duka saa moja, kama kawaida. Alifagia. Alikisogeza kigoda penye mwanga, akatunga uzi kwenye sindano mbili, akazichomeka kwenye kitambaa tayari. Saa tatu akaja mteja mmoja mchangamfu, mgeni mtaani, ameshika suruali ndefu ya kupunguza.

"Nimeambiwa hapa kuna mama wa pindo. Yuko wapi?"

"Alisema atakuja kesho."

"Alisema lini?"

"Jana."

Mteja akaangua kicheko. "Basi hiyo ni kesho ya mafundi!" Akaugonga mlango kwa kidole, kwenye maandishi mekundu, akayasoma kwa sauti hadi neno la mwisho. Leoleo aliyasikiliza yote. Kisha akaipokea suruali, akaketi kwenye kigoda kile kifupi, akaanza kukunga pindo mwenyewe.